Daktari Anajibu: Saa Inayohesabu Mapigo Inaujua Moyo Wako kwa Kiasi Gani?

Barua nyingi zilizofika kwenye safu hii mwezi huu zinahusu jambo moja, nalo ni saa janja na bangili za mazoezi zinazohesabu mapigo ya moyo, hatua na usingizi. Vifaa hivi vimeingia majumbani mwetu kutoka maduka ya Kariakoo, kutoka Dubai, na kupitia ndugu walioko ughaibuni. Tumechagua barua chache, tumezifupisha, na hatutaji majina ya walioziandika.

Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mwalimu wa kike wa shule ya msingi, nina miaka 52. Mwanangu anayefanya kazi Muscat aliniletea saa inayopima mapigo. Kwa miezi kadhaa mapigo yangu ya mapumziko yalikuwa 70 hadi 72 kwa dakika, lakini kwa wiki tatu sasa yamepanda hadi 84. Sina maumivu, ila nachoka upesi nikipanda ngazi za shuleni. Je, moyo wangu umeanza kuugua?
*Mwalimu, Morogoro*

Nakushukuru, Mwalimu, kwa kuandika namba zako pamoja na jinsi unavyojisikia, kwa sababu daktari anahitaji vyote viwili.

Geuza saa yako uitazame upande unaogusa ngozi. Utaona vitaa vidogo vya kijani vinavyowaka na kuzimika kwa kasi. Damu hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo kila moyo unapopiga na vishipa vya mkono kujaa damu, mwanga unaorudi kwenye saa hupungua kidogo, kisha huongezeka tena kabla ya pigo linalofuata. Kihisi kilicho kando ya vitaa hivyo huhesabu kupungua na kuongezeka huko. Kinachoonekana na saa, basi, ni wimbi la damu linalopita mkononi. Vali za moyo (yaani milango ya damu ndani yake), unene wa kuta zake na mishipa inayoulisha moyo wenyewe haviko ndani ya uwezo wake.

Kwa mtu mzima aliyepumzika, mapigo 60 hadi 100 kwa dakika huhesabiwa kuwa ya kawaida. Mgonjwa akija kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na 84, nitaiandika namba hiyo na kuendelea na mambo mengine. Lakini wewe una kitu ambacho mgonjwa huyo hana, yaani kumbukumbu ya mwili wako mwenyewe kwa miezi mingi, na ndani yake limeonekana badiliko la mapigo zaidi ya kumi lililodumu wiki tatu. Kwa maoni yangu, hii ndiyo faida kubwa kuliko zote ya vifaa hivi: humwezesha mtu kujilinganisha na nafsi yake badala ya kujilinganisha na wastani wa watu wote.

Badiliko hilo halimaanishi moja kwa moja kuwa moyo unaumwa. Homa hupandisha mapigo kwa takriban kumi kwa kila nyuzijoto moja inayoongezeka, ndiyo maana malaria au maambukizi mengine huonekana kwenye saa mapema. Kukosa usingizi, kukosa maji ya kutosha, wasiwasi, baadhi ya dawa za mafua, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi na upungufu wa damu hufanya hivyo pia. Katika umri wako, hedhi inapokaribia kukoma, baadhi ya wanawake hutokwa na damu nyingi kuliko zamani na kuizoea hali hiyo bila kumwambia mtu. Ukiongeza uchovu wa ngazini, ningeanza na kipimo cha wingi wa damu, kisha tezi, kisha ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo.

Kabla ya kwenda, hakikisha namba yenyewe. Asubuhi, kabla hujaondoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, usikie mapigo, uyahesabu kwa dakika nzima ukitazama saa ya ukutani. Fanya hivyo kwa siku kadhaa mfululizo uandike, halafu upeleke daftari lako pamoja na simu yenye kumbukumbu ya saa. Ikiwa miguu inavimba, au unalazimika kuongeza mito usiku ili upate pumzi, usingoje kumaliza daftari. Nenda siku hiyo hiyo.

Daktari, baba yangu ana miaka 67. Saa yake imemwonyesha mara mbili ujumbe kwamba mapigo yake hayana mpangilio. Anasema hajisikii vibaya na kwamba hawezi kwenda hospitali kwa sababu ya saa. Tumwache?
*Kijana wake, Mombasa*

Msimwache. Msalimie mzee kwa heshima zake zote, kisha umweleze kwamba katika jambo hili kutojisikia vibaya hakuthibitishi usalama.

Ujumbe huo humaanisha kwamba saa imeona wimbi la damu likija kwa vipindi visivyolingana, na ugonjwa unaotafutwa hapo ni fibrilesheni ya atria. Vyumba vya juu vya moyo huacha kujikunja kwa pamoja, vikabaki vinatetemeka. Damu hutuama humo, huweza kuganda, na bonge hilo likisafiri hadi kwenye ubongo huleta kiharusi. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanywa katika mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha kuwa hali hii huongeza hatari ya kiharusi kwa karibu mara 5. Wapo wanaoishi nayo bila kuhisi lolote, na kwa baadhi yao dalili ya kwanza huwa kiharusi chenyewe.

Je, saa inaaminika? Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha utafiti wa watu 419,297 waliovaa Apple Watch. Waliopata ujumbe wa mapigo yasiyo na mpangilio walikuwa 2,161 tu, yaani karibu nusu ya asilimia moja, lakini kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi kiwango kilifika asilimia 3. Baadhi yao walitumiwa kibandiko cha kifuani kinachorekodi umeme wa moyo kwa siku kadhaa, na fibrilesheni ikaonekana kwa asilimia 34 ya waliokirudisha. Msomaji anaweza kudhani kwamba theluthi mbili walitishwa bure. Sivyo ilivyo, kwa kuwa ugonjwa huu mwanzoni huja na kuondoka, na kibandiko kilivaliwa siku nyingi baada ya ujumbe. Pale saa ilipotoa ujumbe wakati kibandiko kiko kifuani, vyote viwili vilikubaliana kwa asilimia 84. Utafiti uliofanywa China kwa vifaa vya Huawei, uliochapishwa mwaka huo huo, nao uliwathibitisha wengi wa wale waliopata ujumbe na kufuatiliwa. Kwa mtu wa umri wa baba yako, basi, ujumbe uliojirudia mara mbili una uzito.

Kama saa yake ina kipimo cha ECG, aketi, aegemeze mkono mezani, aweke kidole cha mkono wa pili kwenye kitufe kwa sekunde 30 bila kuzungumza, kisha aihifadhi picha hiyo. Wagonjwa wanaponipa simu zao kliniki, jambo la kwanza ninalolitafuta ni vile vilima vidogo vya mviringo vinavyotangulia kila mwiba mrefu. Vikiwa vimetoweka, mstari ukabaki unatetemeka kidogo, na miiba yenyewe ikawa inakuja mara karibu, mara mbali, bila utaratibu wowote, huwa sina shaka kubwa tena. Hata hivyo, bado atahitaji ECG ya hospitali, kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti na kipimo cha presha.

Kipimo hicho cha mawimbi ya sauti ninakisisitiza kwa sababu ya historia ya kwetu. Katika Afrika Mashariki wako watu wengi ambao vali zao za moyo ziliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi, iliyoanza na maambukizi ya koo yasiyotibiwa. Mtu mwenye vali iliyobanwa namna hiyo akipata fibrilesheni, uchaguzi wa dawa ya kuzuia damu kuganda hubadilika: utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022 na kufanyika katika nchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ulionyesha kuwa kwa wagonjwa hao dawa za kundi la warfarin ziliokoa maisha zaidi kuliko dawa mpya ya rivaroxaban. Saa haiwezi kujua vali za baba yako zikoje. Asiazime dawa ya jirani, hata kama jirani alipata ujumbe unaofanana na wake.

Niongeze jambo moja kwa haki. Kuugundua ugonjwa huu kwa kumfuatilia mtu kila dakika bado hakujathibitika kuwa kunapunguza viharusi kwa watu wote. Nchini Denmark, wazee 6,004 walishirikishwa katika utafiti wa LOOP, na baadhi yao walipandikizwa kirekodi kidogo chini ya ngozi. Fibrilesheni iligunduliwa kwa karibu asilimia 32 ya waliopandikizwa, dhidi ya asilimia 12 ya wenzao, na dawa zikaongezwa, lakini tofauti ya viharusi haikufikia kiwango cha kuthibitika kitakwimu. Kwa hiyo daktari atapima umri wa baba yako, presha, kisukari na historia yake, ndipo aamue kama faida ya dawa inazidi hatari ya kutokwa na damu. Uamuzi huo unahitaji mtu aliyemgusa mgonjwa.

Nina miaka 45. Baba yangu alifariki ghafla kwa mshtuko wa moyo. Nimenunua saa ya bei kubwa ili initahadharishe kabla halijanipata kama lililompata yeye. Je, inaweza?
*Msomaji, Dodoma*

Pole sana kwa msiba wa mzazi. Jibu langu ni hapana, na ningependa uliweke akilini kuliko jingine lolote katika ukurasa huu.

Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa unaoulisha moyo unapoziba. Mapigo yanaweza kubaki 78, yakiwa na mpangilio mzuri kabisa, huku sehemu ya msuli wa moyo inakufa. ECG ya saa hutazama moyo kutoka upande mmoja tu, wakati ile ya hospitali huutazama kwa njia 12, na mshtuko unaweza kuwa upande ambao saa haiuoni. Apple wenyewe huwaeleza wateja wao kwamba saa yao haitambui mshtuko wa moyo. Ukipata maumivu ya kubana kifuani yanayokwenda begani, mkononi au kwenye taya, ukatokwa na jasho la baridi au ukaishiwa pumzi, usiitazame saa. Tafuta usafiri wowote ulio karibu uende hospitali. Ninaandika hivi kwa msisitizo kwa kuwa ninaogopa kwamba mtu atakaa kitandani usiku, kifua kinambana, akiliwazwa na kioo kinachosema kila kitu ni sawa.

Kuhusu kutabiri, zipo njia za kukadiria hatari ya miaka kumi ijayo, na si za kifahari. Mwaka 2019 majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya kukadiria hatari ya magonjwa ya moyo na mishipa yaliboreshwa, yakatengenezwa kwa kanda 21 za dunia, zikiwemo zetu. Yanauliza umri, jinsia, uvutaji wa sigara, presha, kisukari na kolesteroli. Mahali pasipo na maabara hutumika uzito na urefu badala ya vipimo vya damu. Soma tena orodha hiyo: hakuna hata kigezo kimoja kati ya hivyo ambacho vitaa vya kijani vya saa yako vinakipima. Kwa mtu wa miaka 45 ambaye baba yake alifariki ghafla, kipimo cha presha, cha sukari na cha kolesteroli ndivyo vya kutangulia, na umweleze daktari baba alifariki akiwa na umri gani, kwa sababu kifo cha mapema cha mzazi kina maana kubwa zaidi kuliko cha uzeeni.

Sisemi kwamba sayansi imesimama. Mwaka 2022 watafiti wa Mayo Clinic walionyesha kwamba akili mnemba inaweza kusoma ECG iliyopigwa kwa saa na kuwatambua watu ambao moyo wao unasukuma damu kwa udhaifu. Ninaifuatilia kazi hiyo kwa matumaini makubwa, kwa kuwa siku moja inaweza kumfaa mtu aliye mbali na kipimo cha mawimbi ya sauti.

Kwa sasa, saa yako itumie kwa kazi inayoifanya vizuri, ambayo ni kukufanya utembee. Usiisujudie namba ya hatua 10,000: ilipata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Uchambuzi uliounganisha tafiti 15 na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kwa watu walio chini ya miaka 60 upungufu wa vifo ulitulia, yaani haukuongezeka tena, kwenye hatua 8,000 hadi 10,000 kwa siku, na kwa wenye miaka 60 na zaidi kwenye 6,000 hadi 8,000. Anayetoka hatua 3,000 akafika 5,000 tayari ameanza kupata faida.

Saa yangu ya Kariakoo inapima presha bila mkanda. Kila siku inaniandikia 118/76, lakini zahanati walipata 164/98, na walipopima tena baada ya wiki ikawa 160/96. Dawa nilizoandikiwa sijaanza. Niamini kipi?
*Msomaji, Temeke*

Amini zahanati, na uanze dawa zako leo.

Saa isiyo na mkanda wa kujaza upepo haipimi presha. Hukisia kutokana na umbo la wimbi la damu. Hata Samsung, ambao baadhi ya saa zao zina kipimo hiki, humtaka mtumiaji aisawazishe saa kwa mashine ya mkanda kila baada ya siku 28. Apple walipoanzisha tahadhari ya presha mwaka 2025 hawakuweka namba ya presha hata moja: saa huchunguza mwenendo wa siku 30, kisha humwambia mtu kwamba kuna dalili na aende akapime kwa mkanda. Saa ya bei ndogo inayokuandikia 118/76 kila siku, uwe umelala au umetoka kubeba ndoo, inaonyesha wazi kwamba haipimi kitu.

Barua hii imenigusa kuliko nyingine zote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima takriban bilioni 1.4 wenye umri kati ya miaka 30 na 79 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawakujua. Wewe ulikuwa umeshatoka katika kundi la wasiojua, na kifaa kibovu kikakurudisha humo.

Ukiweza, nunua mashine ya mkanda wa kwenye mkono wa juu, na hakikisha mkanda unalingana na unene wa mkono wako, kwa kuwa mdogo mno huongeza namba. Kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu iko chini bila kupishana, mkono uko juu ya meza kwenye usawa wa moyo. Usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara katika nusu saa iliyopita, na kibofu kisiwe kimejaa. Pima mara mbili, uandike zote. Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi huhesabiwa kuwa presha ya juu. Ikiwa mashine ni ghali, changieni moja na majirani, au pita zahanati.

Ngozi yangu ni nyeusi sana. Nimesikia kwamba mwanga wa saa hizi haufanyi kazi kwetu. Ni kweli?
*Msomaji, Bujumbura*

Wasiwasi wako una msingi, kwa kuwa melanini, yaani kitu kinachoipa ngozi rangi yake, nayo hufyonza mwanga. Kwa upande wa mapigo, utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa mwaka 2020 uliolinganisha rangi mbalimbali za ngozi haukukuta tofauti kubwa ya usahihi. Kilichoharibu vipimo zaidi ni mwendo. Vaa saa juu kidogo ya mfupa wa kifundo, ikaze bila kubana damu, na usiivae juu ya mchoro wa chale au wa wino. Kwa upande wa oksijeni hali ni tofauti: mwaka huo huo watafiti wa Marekani walionyesha kuwa vifaa vya kidoleni vya hospitalini vilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Ikiwa vya hospitali vina kasoro hiyo, namba ya oksijeni kwenye saa usiitegemee unapoishiwa pumzi.

Shikamoo Daktari. Nina miaka 26, nakimbia kila siku. Saa inanipigia kengele usiku kwamba mapigo yameshuka hadi 42. Rafiki zangu wananitisha.
*Mkimbiaji, Arusha*

Marahaba. Moyo uliozoezwa hujaza na kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, kwa hiyo mapigo ya 40 na kitu usingizini kwa mkimbiaji wa kila siku ni jambo la kawaida. Ukiwa huna kizunguzungu, shusha kiwango cha kengele ulale. Lakini ikiwa umewahi kuzimia katikati ya mbio, au ndugu wa damu alifariki ghafla akiwa kijana, acha mbio hadi upigwe ECG ya hospitali na kipimo cha mawimbi ya sauti, hata kama saa inakusifu.

Mama yangu amewekewa betri ya moyo. Wajukuu wanataka kumnunulia saa janja. Kuna hatari?
*Msomaji, Zanzibar*

Anaweza kuivaa, kwa masharti. Simu na saa janja zina sumaku, na ushauri wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ni kuziweka umbali wa angalau sentimita 15 kutoka kwenye betri. Aivae mkono ulio mbali na upande ilikowekwa, asiilaze kifuani, na simu isikae kwenye mfuko wa juu wa nguo. Baadhi ya saa na mizani hupitisha umeme mdogo mwilini ili kukadiria mafuta. Kipengele hicho asikitumie. Chaja ya saa, ambayo nayo ina sumaku, ibaki mezani mbali na mto wake, na kadi ya betri aliyopewa hospitalini aipeleke kliniki pamoja na saa yenyewe, ili mtaalamu aziangalie zote mbili kwa pamoja kabla hajaanza kuivaa.